Ukoo wa Bawaba ya Chini

Randa angeufunga mdomo wake siku ile ya posa, angeoa kwa amani kama watu wengine na hakuna ambaye angekuwa na cha kusimulia. Lakini Randa ni seremala, mtoto wa seremala, mjukuu wa seremala, na watu wa aina hiyo ukiwakaribisha nyumbani kwako hawakuangalii wewe. Wanaangalia milango.

Siku yenyewe ilianza vizuri mno, na hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Wamekaa sebuleni kwa kina mchumba. Upande huu baba yake, shangazi yake, mume wa shangazi, na Randa mwenyewe ndani ya suti ya kuazima iliyombana kwapani kana kwamba imemkamata mwizi. Upande ule baba mkwe, mama mkwe, na Bibi, yaani mama yake mama mkwe, ndiye mwenye nyumba, kizee mkavu kama mbao iliyokaa juani, amefumba macho muda wote ukadhani kalala, kumbe anapima maneno ya watu. Mchumba mwenyewe mtaa mzima unamwita Fundi Simu, maana ana kibanda cha kutengeneza simu. Siku hiyo alikuwa anaingia na kutoka na sinia la chai, macho chini, adabu tupu, kama sio yule yule anayewatukana wateja wanaotumbukiza simu chooni.

Baba yake Randa alishamaliza maneno yake. Baba mkwe alishajibu "tumewasikia," na kila mtu anajua kwamba "tumewasikia" ya namna ile, yenye tabasamu, ni ndiyo iliyovaa tai. Kilichobaki ni kumaliza chai na kutaja siku.

Fundi Simu akabeba sinia tupu, akausukuma mlango wa jikoni kwa kiuno, mlango ukafunguka mpaka mwisho, na Randa akaiona bawaba ya chini.

"He!" akasema kwa sauti. "Hata nyie?"

Watu wote wakamgeukia.

"Hata sisi nini?" akauliza baba mkwe.

Hapo bado alikuwa na nafasi ya kujiokoa. Angesema hata nyie mnakunywa chai. Angekohoa. Lakini fundi akiona kazi ya fundi mwenzake ni kama mlevi kasikia chupa inafunguliwa, hakai.

"Ile bawaba ya chini!" akanyoosha kidole. "Haina skrubu ya katikati! Tundu lipo, skrubu haipo. Sisi milango yetu yote iko hivyo hivyo. Ni alama ya ukoo, aliianza Babu Bawaba, baba yake babu yangu. Hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo. Sasa nyie mmeipata wapi?"

Bibi akafumbua macho.

"Milango ya nyumba hii aliitengeneza baba yangu," akasema taratibu. "Yote. Halafu akaondoka."

"Akaenda wapi, Bibi?"

"Mwanangu, ningejua si ningemfuata?"

Shangazi akaweka kikombe chini. Ukimjua shangazi, akiweka kikombe chini na chai bado imo, jua kuna mtu ataumia.

Huyu shangazi, dada yake baba, ndiye kumbukumbu ya ukoo. Hakuna aliyemchagua, alijichagua. Anakwenda misibani wenzake wanalia, yeye anamsogelea mfiwa anamnong'oneza: pole sana, hivi marehemu mama yake alikuwa mtoto wa nani? Ukoo mzima ameupanga kichwani, nani kamzaa nani, nani kagombana na nani, nani kafa amenuna. Pengo lilikuwa moja tu. Babu Bawaba akiwa kijana, ameshaoa, alibeba mfuko wa vyombo vyake akaenda zake, akakaa huko miaka mtoto anazaliwa mpaka anaota meno, kisha akarudi amevaa kofia ambayo si yake. Hakueleza. Shangazi alimbana Babu, yaani baba yake mwenyewe, ambaye bado yuko hai, masikio yamelala lakini akili iko macho.

"Baba, babu alikwenda wapi miaka ile?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Ya kwenda."

Basi. Zaidi ya hapo hakupata kitu. Na hiyo skrubu ndiyo usiseme, kila mtu ana lake. Baba yake Randa anasema ni alama ya kazi, ili mlango ukiharibika watu wajue wa kumrudia. Shangazi anasema ni unyenyekevu, babu hakutaka kumaliza kazi kabisa, maana kazi iliyotimia ni ya Mungu peke yake. Babu ukimuuliza anakwambia, "Skrubu ziliisha." Shangazi hilo hataki hata kulisikia.

Kwa hiyo pale sebuleni alimrukia Bibi kama kuku aliyeona punje.

"Mama, huyo baba yako jina lake nani?"

"Watu walimwita Kimya. Hakuwa mtu wa maneno."

"Hakuwa mtu wa maneno!" Shangazi akashika kifua. "Hata wetu hakuwa mtu wa maneno! Alitokea wapi?"

"Hakusema. Alikuja na mfuko wa vyombo, akamkuta mama yangu. Nimezaliwa, nimejua kutembea, nimejua kumwita baba, na yeye akaenda."

"Akaenda! Mnasikia? Kwenu aliondoka, kwetu alirudi! Ni yule yule!" Shangazi alishasimama, machozi yanamtoka, anamkumbatia Bibi na kiti chake. "Jamani hawa ndugu zetu! Hawa damu yetu! Baba yangu ana dada!"

Kila mtu akaangua kicheko, baba akampa mkono baba mkwe kwa mara ya pili, Randa naye akacheka, tena ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Mume wa shangazi akajiongezea mkate. Ikapita kama dakika hivi ndipo baba mkwe akakuna kidevu.

"Sasa kama sisi ni damu moja," akasema, "hawa watoto tunawaozesha vipi?"

Kicheko kikamkauka Randa mdomoni. Kwa sababu pande zote mbili, hata nusu saa haijapita, walikuwa wamejisifu kwamba kwao ndugu hawaoani, mpaka vizazi vinne vipite. Na hapa walikuwa hata vitatu hawajavimaliza vizuri.

"Aa, hiyo harusi basi tena," akasema shangazi, kama mtu aliyedondosha kijiko. "La muhimu tumempata babu."

Fundi Simu alikuwa amesimama mlangoni na sinia jingine. Alimwangalia Randa. Randa akaangalia viatu vyake.

*

Kesho yake asubuhi Randa alikwenda kibandani kwake. Fundi Simu alikuwa ameinamia simu iliyofumuliwa, ana kioo kwenye jicho moja, hakuinua kichwa.

"Karibu, binamu."

"Usinifanyie hivyo."

"Ulikuja kunioa au kukagua bawaba?"

"Ulimi uliteleza."

"Ulimi wako ndio ungewekwa skrubu. Tena zote tatu." Akaokota kwa sumaku skrubu ndogo kama sisimizi, akaiweka mahali pake. "Miaka miwili nakutetea kwetu. Nawaambia anaongea sana lakini ana akili. Umenivua nguo, Randa."

"Nitarekebisha."

"Vipi?"

Randa alishafikiria usiku kucha. Kama skrubu ile inakosekana kwenye milango ya kina Randa na ya kina Fundi Simu tu, hiyo ni alama. Lakini kama inakosekana kila mahali, basi sio alama, ni uvivu wa mafundi. Kwa hiyo angepita mji mzima akikagua bawaba za chini, akusanye ushahidi, amwoneshe shangazi kwamba ulimwengu umejaa matundu matupu.

"Hilo wazo zuri," Fundi Simu akakiri. "Limetoka kwako kweli?"

Akaanza kazi. Ukimwona mtu mzima anaingia bucha, hanunui nyama, anapiga magoti nyuma ya mlango, utamwita nani? Walimwita majina yote. Lakini alipata. Mlango wa bucha, bawaba ya chini, katikati patupu. Mlango wa saluni, patupu. Ofisi ya mwalimu mkuu, patupu, tena mwalimu mkuu mwenyewe aliinama naye akamulika tochi. Hata kituo cha polisi alikwenda, akajifanya amepotelewa na kitambulisho, akachungulia mlango wa mahabusu. Patupu!

Akamkimbilia shangazi, roho nyeupe.

"Shangazi, umeona? Bucha, saluni, shule, polisi. Kila mahali! Hiyo sio alama ya ukoo wetu, hiyo ni tabia ya mafundi wote."

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Macho yakawa yanamtoka taratibu.

"Mwenye bucha," akasema. "Yule mwenye masikio makubwa?"

"Masikio yanahusu nini?"

"Babu Bawaba alikuwa na masikio makubwa!" Akapiga kofi. "Nilijua! Siku zote nikimwona mwenye bucha moyo unanidunda, najiuliza huyu mtu nimemwona wapi. Kumbe ni wetu! Babu alipita kila mahali, mwanangu! Miaka ile yote, mji mzima!"

"Na mahabusu je?"

Shangazi alisita kidogo. "Kila ukoo una watu wake," akasema.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wiki haijaisha, shangazi ameshapita bucha kujitambulisha, saluni wamemsuka bure kama wifi, mwalimu mkuu anamwamkia dada. Na hao ndugu wapya hawakuchelewa kujua faida ya undugu na seremala. Mwenye bucha akamtumia Randa ujumbe: ndugu yangu, gogo langu la kukatia limepasuka, damu nzito kuliko maji. Wa saluni akataka rafu. Mwalimu mkuu akaleta madawati, sio moja, akayashusha pale karakana akasema ni kwa ajili ya wajukuu wa ukoo. Baba yake Randa aliyatazama yale madawati, akamtazama mwanawe, akarudi kupiga msasa. Kila msumari Randa alioupigilia wiki ile aliupigilia kama una jina lake.

Kitu kimoja tu kilimgusa katika vurugu lile, na hicho hakukitarajia. Kila alipopita kwao Fundi Simu kwa kisingizio cha kukagua mlango tena, Bibi alimwita akae karibu yake.

"Huyo babu yenu," akauliza mara ya kwanza, "alifia wapi?"

"Nyumbani, Bibi. Kitandani. Wanasema watu walijaa mpaka uani."

Bibi akatikisa kichwa. Siku nyingine akauliza kama alikuwa anapiga watoto.

"Hapana. Babu anasema alikuwa anawachongea wanasesere wa mbao. Anakaa nao jioni mpaka wanalala."

"Kila jioni?"

"Ndivyo anavyosema Babu."

Bibi akaangalia mlango wake wa jikoni muda mrefu.

"Kumbe kukaa alikuwa anajua," akasema.

Randa akainuka, akaaga. Siku hiyo aliondoka bila kukagua chochote. Njiani akawa anawaza kwamba tangu mwanzo alikuwa anapigania harusi yake tu, wakati kuna mtoto wa watu mwenye meno mawili amekaa mlangoni anasubiri baba, na mtoto huyo sasa hivi ana mvi kichwa kizima.

*

"Umeshapata ndugu wangapi mpaka leo?" akauliza Fundi Simu.

"Acha utani."

"Mimi naona ukimaliza mji huu uvuke mpaka. Utawakuta wengine." Akazima chuma cha kulehemu nyaya za simu, akakaa sawa. "Randa, nisikilize. Shangazi yako ukimpa ushahidi kwamba sio ndugu, anaugeuza anapata ndugu. Si ndiyo? Basi mpe ndugu asiyemtaka."

"Nani?"

"Mume wa shangazi, kwao ni wapi?"

"Ile nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Dada yake bado anakaa pale. Kwa nini?"

"Simu ya huyo dada iko hapa, imepona. Nitampelekea mwenyewe." Akaanza kupanga bisibisi zake kwenye kijaluba. "Jumapili shangazi na mumewe si huwa wanakwenda kusalimia? Na wewe nenda. Ukifika, fanya ile tabia yako."

Jumapili Randa akaenda. Nyumba ya zamani, kuta nene, mlango wa mbele mzito ambao umepita mvua nyingi kuliko watu. Walipokaribishwa kila mtu alipita, yeye akachuchumaa kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba, akaiangalia bawaba ya chini.

Skrubu ya katikati haikuwepo.

Akasogeza uso. Sasa, tundu lililokaa wazi miaka mingi fundi analijua. Limejaa vumbi, rangi imeingia, buibui kaweka familia. Hili lilikuwa safi. Mbao ndani nyeupe, inang'aa kama fizi iliyong'olewa jino jana. Na pembeni ya tundu rangi ilikuwa imebaki duara, saizi ya kichwa cha skrubu. Randa akamfikiria mchumba wake na kile kijaluba cha bisibisi. Akapaka tundu vumbi kidogo kwa kidole gumba, akasimama.

"Shangazi," akaita kwa sauti ya msiba. "Njoo uone kitu."

Shangazi macho yake ya karibu hayaoni vizuri. Akainama, akapapasa bawaba kwa kidole: juu ipo, katikati... Kidole kikazama. Akakitoa haraka kama kimeungua.

"Hapana," akasema.

"Tundu lipo, shangazi. Skrubu haipo."

Mume wa shangazi, ambaye katika posa nzima hakusema neno hata moja, alisogea na kikombe chake, akainama naye, akaangalia. Alipoinuka uso wake ulikuwa na mwanga ambao Randa hakuwahi kuuona.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe nimeoa dada yangu! Ndiyo maana unanifokea hivyo."

"Nyamaza wewe."

"Miaka yote najiuliza, huyu mwanamke kwa nini ananiamrisha kama tumelelewa pamoja? Kumbe tumelelewa pamoja! Haya, shikamoo dada."

"Nimesema nyamaza!"

"Halafu subiri," akaweka kikombe dirishani, anahesabu kwa vidole. "Kama wewe ni dada yangu, basi watoto wako ni wapwa zangu. Yaani nimewalipia wapwa zangu ada mpaka chuo! Mimi ni mjomba mzuri sana."

Dada yake mume alikuwa amekaa chini anacheka mpaka kilemba kimemvuka. Shangazi alisimama pale mlangoni, mkono bado uko kwenye bawaba, na Randa aliona historia nzima ya ukoo ikimpita usoni: mwenye bucha, mwalimu mkuu, mahabusu, ndoa yake, watoto wake. Kwa mara ya kwanza alimwonea huruma.

Njia nzima ya kurudi shangazi alitembea mbele yao. Walipofika kwake, akiwa anatafuta ufunguo, akasema bila kumwangalia mtu:

"Hata hivyo, skrubu ni skrubu tu. Baba mwenyewe si alisema ziliisha?"

"Alisema, shangazi."

"Mafundi wa zamani vifaa vilikuwa shida."

"Shida sana."

"Kwa hiyo mtu mwenye akili timamu hawezi kusimamisha harusi ya watoto kwa ajili ya skrubu. Nani alianzisha ujinga huu?"

Randa akasema ni yeye. Kwa mara nyingine alikuwa mwenye kosa, safari hii kwa furaha.

*

Wakakaa tena sebule ile ile. Shangazi akatoa hotuba. Alisema yeye kama mtunza habari za ukoo amefanya uchunguzi wa kina, amezunguka, amekagua, na ameridhika kabisa kwamba kati ya Babu Bawaba na Mzee Kimya hakuna uhusiano wa aina yoyote. Akasema upungufu wa skrubu ni jambo la kawaida. Akasema masikio ni mapambo tu ya kichwa. Mume wa shangazi alikuwa anaitikia kila sentensi, "kweli, dada," mpaka akakanyagwa mguu.

Vigelegele vikapigwa. Siku ikatajwa. Baba mkwe akampiga Randa mgongoni mpaka suti ikaachia mshono. Fundi Simu akapita na sinia, na alipomfikia Randa akainama kidogo.

"Ile skrubu ya kule..." Randa akanong'ona.

"Skrubu gani?" akasema Fundi Simu, akaenda zake.

Ila Bibi hakupiga kigelegele. Alikuwa amekaa vile vile, mikono magotini. Randa alikuwa amejiandaa kwa furaha, sio kwa uso ule. Ndugu ambao Bibi alipewa mwezi ule walikuwa wamechukuliwa katika hotuba moja. Kaka aliyekuwa naye hana tena. Baba aliyefia kitandani, watu wamejaa mpaka uani, amerudi kuwa mtu aliyetoka na mfuko wa vyombo akaishia njiani.

"Kijana," akaita. "Nishike mkono, nataka kunyoosha miguu."

Wakatembea taratibu mpaka kwenye mlango wa jikoni, kelele za sebuleni zikabaki nyuma. Bibi akaegemea fremu.

"Kwanza, mwambie mchumba wako arudishe vitu vya watu. Mlango wa mbele haupaswi kukaa hivyo, utalegea."

"Bibi, mimi..."

"Sijakuuliza. Mimi nafumba macho, sio masikio." Akashusha pumzi. "Ya pili. Kuna kitu kimoja nakikumbuka cha baba yangu. Kimoja tu, mengine yote ni ya kuambiwa. Kitu cha mwilini mwake. Sijamwambia mtu, hata mama mkwe wako. Babu yako kamjua baba yake mpaka uzeeni, nikimtajia hicho kitu atasema ndiyo au hapana hapo hapo, hata maji hayajachemka. Tutajua."

"Ni kitu gani, Bibi?" Lilimtoka kabla hajalikamata.

Bibi akamwangalia vizuri, juu mpaka chini.

"Unauliza kama bwana harusi au kama mjukuu?"

Kule ndani walikuwa wanabishana kuhusu turubai. Fundi Simu alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha kibandani, sio cha adabu. Randa alitaka kujua, usidhani hakutaka. Kilimwasha kama vumbi la msumeno kwenye shingo. Alifungua mdomo. Akaufunga. Watu wanaomjua wanasema hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Kama bwana harusi," akasema.

"Basi huna haja ya kujua."

"Na wewe, Bibi? Wewe hutaki kujua?"

"Nijue nini? Akiwa ni huyo wenu, alikuwa na watoto wa kukaa nao kila jioni, na mimi sikuwa mmoja wao. Akiwa siye, amekufa mahali sijui, hana hata wa kumfumba macho. Unataka nichague?" Akavuta mtandio wake. "Nikiamka vizuri, ni huyo wenu, nafurahi alifia pazuri. Nikiamka vibaya, siye, na sina wa kumkasirikia. Siku zangu zilizobaki zinatosha kwa baba wawili. Nirudishe kwenye kiti."

Harusi ilifanyika. Watu walijaa, wengi wao ndugu waliofutwa undugu lakini hawakufutwa kwenye kula. Mwenye bucha alikaa meza ya mbele na masikio yake. Fundi Simu na Randa walihamia vyumba viwili nyuma ya karakana, na milango ya pale waliinunua dukani, ya chuma, kila mtu akashangaa seremala gani huyo.

Tatizo ni kwamba siku ile shangazi alikuwa amekwenda jikoni kuchukua maji. Hakusikia yote. Alisikia "kitu kimoja", akasikia "mwilini mwake", akasikia "tutajua". Kwa mtu kama yeye huko ni kupewa harufu ya chakula na kunyimwa sahani. Kuuliza waziwazi hawezi, si alishasimama mbele ya watu akasema hakuna uhusiano wa aina yoyote? Na akijua, atafanya nini na ndoa aliyoibariki mwenyewe, achilia mbali ya kwake?

Lakini kutojua pia hawezi. Kwa hiyo kila Jumatano anavaa vizuri, anakwenda kwa Bibi. Anasema amekuja kumsalimia tu. Anamfulia mapazia, anampaka mafuta miguu, anamsomea magazeti mpaka matangazo ya vifo. Bibi anamsimulia kila kitu cha maisha yake, mwanzo mpaka mwisho, majirani, magomvi, mpaka mbuzi waliokufa. Akifika kwa baba yake anaruka kama mtu anayevuka dimbwi.

Juzi Randa alimkuta huko. Shangazi amekaa kwenye kigoda, mguu wa Bibi uko mapajani mwake, na Bibi amefumba macho.

"Unajua," akasema Bibi ghafla, "leo nimekumbuka jambo."

Shangazi akaacha kusugua. Akasogea mpaka kigoda kikatoa mlio.

"Jambo gani, mama yangu?"

"Limekuja tu hivi hivi. Nimekaa nalo tangu asubuhi, nikasema wewe ndiye wa kuambiwa."

"Niambie mama. Niambie polepole, usisahau hata kidogo."

Bibi akafumbua jicho moja.

"Sukari imeisha," akasema.

Shangazi akafuta mikono, akaushusha mguu wa Bibi taratibu kama yai, akavaa viatu, akaenda dukani.